Jino la Kiprono

Kapsoit, 1996

Mama,

Mwanao Kiprono ameng'olewa jino, na hakufungwa kamba. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza.

Tangu tukuzike, alikuwa hajamfungulia mtu mdomo. Nikimpelekea chakula anakula akiwa amenipa mgongo. Shavu lilipovimba mpaka jicho likafichika, Baba Mdogo akaja na kamba ya ng'ombe. "Tumfunge tu, Chelangat. Ni kitu ya dakika moja." Nilikataa, tukakosana, na mpaka leo ananisalimia nusu nusu. Unamjua alivyo.

Wewe ulikuwa unavuta mdomo na kumwonyesha pengo lako la chini, lile la meno yaliyong'olewa kwa mila ya zamani, naye anakubali kufungua. Mimi meno yangu yote yapo. Ningemwonyesha nini?

Huko hospitali alikaa kwenye benchi, midomo ameibana. Muuguzi alikuwa ameshaita wanaume wa kumshika. Nilitaka kumrudisha nyumbani na jino lake. Ndipo kogo mmoja, bibi mzee aliyekuwa kwenye foleni, akamsogelea, akavuta mdomo wake mwenyewe. "Kijana, angalia. Hii yangu ilitolewa na kisu, na bado nakula mahindi."

Kiprono akacheka, Mama! Akacheka mdomo wazi. Daktari wa meno akatoka, akaketi kando yake, akamwangalia polepole, na sindano ya ganzi akamdunga hapo hapo kwenye benchi. Kile kiti chenye taa kali hakumlazimisha kukikalia; jino alilitolea pale pale.

Daktari alinieleza kwamba vidonge vyake vya ugonjwa wa akili vinamkausha mdomo, ndiyo maana anafyonza sukari kutwa nzima, na sukari ndiyo imeozesha meno yake. Usijilaumu kwa kumpa. Hakuna aliyewahi kutuambia. Sasa natembea na chupa ya maji.

Tukiwa stendi, pamba bado mdomoni, akaniuliza, "Mama alikufa?" Nikamwambia ndiyo. Siku ya mazishi hakulia, wala baadaye. Alilia pale, mbele ya watu wote, nao wakawa wanampa pole ya jino. Na mimi nililia.

Lala salama, Mama. Yamebaki meno mabovu mawili. Nitampeleka mimi mwenyewe. Akitaka kucheka acheke, akitaka kulia alie, nitakuwa nimemshika mkono.

Chelangat wako