Mfuko wa Agosti

Jumapili, Mtito Andei

Leo nimemwambia binti yangu Mwende ukweli. Ule mwani wa kahawia nilimletea na lori kutoka Pwani, eti wa Agosti, ulikuwa wa Aprili uliobaki. Agosti iliyopita nilikuwa na haraka, sikushuka baharini. Nikaandika tarehe ya uongo.

Msichana wangu anapima sumu ya aseniki iliyo kwenye mwani wa kila msimu, ajue ni msimu gani mbuzi wanaweza kulishwa huo mwani. Karibu awaambie watu misimu yote ni sawa.

Nikaogopa.

"Kumbe, Baba. Na mimi nalaumu mashine ya kupimia, majibu yakifanana." Akacheka kidogo, akanipatia mfuko mtupu. "Agosti hii utaniletea. Tarehe utaandika wewe mwenyewe."

Mungu, asante. Angeweza kutuma dereva mwingine.