Filimbi ya Ruiru

Jumamosi, Agosti 1955

Na filimbi yenyewe haikuwa ya kuniita mimi. Mwamuzi wa kuruka juu alikuwa akiwaita wasichana wake.

Nilikuwa mbele kwenye mbio. Nilikuwa nimebakiza kona moja tu, na wote wako nyuma, hata Akinyi ambaye tunasoma naye hapa chuo cha ualimu. Filimbi ikalia, miguu ikasimama yenyewe. Mikono nayo ilikuwa imeshaanza kupanda juu. Akinyi akanipita.

Kwao ni Kisumu. Huko mtu akikimbia barabarani, watu wanadhani amechelewa tu. Kijijini kwetu, tulikozungushiwa seng'enge tangu Hali ya Hatari, askari akipiga filimbi, anayeendelea kukimbia hupigwa risasi.

Mwalimu wa michezo amenigombeza njia nzima kutoka Ruiru mpaka Thika. Eti nimelaza damu, sasa Akinyi ataenda kukimbia Nairobi na mimi nitabaki kufua jezi. Ningeanzia wapi kumweleza?

Akinyi ameniuliza bwenini, kwa upole, "Wanjiru, nani alikuambia usimame?" Nikasema mguu uliteguka. Sasa itabidi nichechemee mpaka Jumatatu.

Lakini kinachoninyima usingizi ni Mama. Leo alipewa ruhusa ya kutoka kijijini, kwa mara ya kwanza, aje kunitazama. Mbio zilipoisha alikuja akanishika mikono yote miwili.

"Umefanya vizuri kusimama," akasema.

Nimechoka. Nilitaka aone jinsi ninavyokimbia.