Asubuhi Pembe Haikulia

Mjukuu wangu Nakijwa,

Marahaba. Huku milimani hatujambo. Mama yako amevuna tangawizi, na goti langu limetulia kidogo.

Unauliza kama uendelee kusoma zile taarifa za nakala za akiba za kompyuta za ofisini kwenu. Umezipanga zije kila asubuhi, na kila siku zinasema yote salama, mpaka zimekuchosha. Tena unasema wiki hii haijaja hata moja, ukashukuru kupumzika.

Hapo nikaweka kikombe chini.

Nilipokuwa msichana, maji ya mashamba tuliyakusanya usiku kwenye ndiva, bwawa la ukoo wetu kule juu. Baba mdogo alilifunga kila jioni. Alfajiri alikwenda kulitazama, akapiga pembe: maji yapo. Kazi yangu ilikuwa kuisikiliza, niwaambie akina mama washike majembe. Niliizoea hata nikawa siisikii.

Asubuhi moja pembe haikulia. Nilifurahi, nikajifunika tena. Jua lilipopanda ndipo mama akauliza, "Mbona leo kimya?" Tulimkuta baba mdogo ameteleza ukingoni, mguu umevunjika, sauti imemkauka kwa kutuita. Ndiva ilikuwa imepasuka, maji yote yameshuka bondeni. Alichechemea maisha yake yote, na hakunilaumu hata siku moja.

Kompyuta siijui. Mama yako ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu, maana haiwezi kungoja kupelekwa na basi. Salamu nyingine zitafuata baadaye. Inuka kwanza ukaangalie.

Bibi yako