Mkanda Ulionikabidhi

S.L.P. 4417,
Lemara,
Arusha.

12 Machi 2024

Mpendwa Shangazi Paskalina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi mahali pazuri, na kwamba magoti yamekupa nafuu tangu mvua zianze huko Kasulu. Je, dawa ya presha unaipata karibu siku hizi, au bado Brian anaifuata mbali? Na masomo yake yanaendaje? Mwambie ile kamusi niliyomwahidi nimeshainunua, inangoja tu mtu wa kuibeba.

Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mlima Meru haujaonekana kwa siku tano, mawingu yameukalia, na njia yetu ya kutokea barabarani imekuwa matope matupu. Kazini bado niko masjala. Mwezi ujao natimiza mwaka.

Ningependa kuendelea na salamu mpaka karatasi iishe, lakini nisipoandika sasa sitaandika tena. Shangazi, mkanda ulionikabidhi umeungua. Haukuungua wote. Kilichoungua ni kipande kifupi kuliko kidole changu, lakini ndicho kilichokuwa na uso wa bibi.

Najua baba mdogo Ezra alikupigia simu Jumatatu ya wiki iliyopita akakuambia kwamba mkanda uko salama. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia kila neno. Nimekaa na jambo hilo siku nane. Ofisini nafungua faili lile lile mara tatu kuangalia kama namba niliyoandika ndiyo, na mkuu wangu ameshaniuliza kama ninaumwa. Kwa hiyo nakueleza yote kama yalivyotokea, bila kupunguza.

Nikukumbushe kwanza kosa langu la mwanzo. Jamaa za marehemu padri aliyekuwa na kamera walipokutumia lile kopo la mkanda wa sinema kutoka Ulaya, na karatasi iliyosema kwamba ndani yake mna picha za siku ya kubariki zahanati kwetu Kibosho mwaka 1968, hukuwa na mashine ya kuzitazama. Mimi ndiye niliyekuandikia kwamba Mzee Lemomo wa Engutoto, aliyezunguka miaka mingi na gari la sinema la serikali, bado ana projekta yake, na gereji ya nyumba yake ameigeuza kuwa chumba cha sinema. Ukaniamini. Uliniambia kwamba mama yako, Bibi Fransiska, alifariki ukiwa na miaka sita, hakuacha hata picha moja, na kwamba uso wake umeshakutoka kichwani. Kisha ukaniandikia kwa herufi kubwa: USIUONYESHE MTU KABLA HAUJANAKILIWA.

Niliyaweka maneno hayo ndani ya kopo, juu ya mkanda wenyewe. Siwezi kusema sikuyaona.

Kuendesha mashine najua, Shangazi. Tangu Januari nimekwenda kwa Mzee Lemomo kila Jumamosi, kwa sababu macho yake yana mtoto wa jicho na hawezi tena kupitisha mkanda kwenye meno ya mashine. Yeye hukaa pembeni akisikiliza, mimi hufanya. Amenifundisha kuacha kitanzi kidogo juu na kingine chini ili mkanda usikatike, kupangusa lenzi, na kuwasha feni kabla ya taa. Kuna wenzo mmoja ambao zamani ulisimamisha picha moja ili watu waitazame. Kioo cha kuzuia joto la taa kilipasuka miaka mingi iliyopita na hakikupatikana kingine, basi akaufunga wenzo ule kwa plasta nyekundu. Aliniambia siku ya kwanza kabisa kwamba mkanda ukisimama mbele ya taa ile hauhesabu hata tatu.

Baba mdogo alipojua kwamba kopo liko chumbani kwangu, aliomba auone. Nikamwambia agizo lako. Aliniangalia, akasema, "Ni mama yangu pia, Anneth. Au siku hizi kibali kinatoka masjala?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Paskalina alimpata miaka sita. Mimi sikumaliza hata miwili." Nikakubali.

Tulikwenda Jumapili ile, tarehe tatu, baada ya misa ya pili. Mimi, baba mdogo na mama mdogo Kandida. Mzee Lemomo aliunusa mkanda akasema una harufu ya siki, maana yake umeanza kuchoka. Akaupitisha wote kati ya vidole vyake polepole akitafuta matundu yaliyochanika, akayapata mawili, akaniambia niyazibe. Akasema utapita mara moja tu. "Mashine hii ni mzee mwenzangu, na huo mkanda ni bibi yenu," aliwaambia. "Msiwakimbize."

Tulizima taa ya chumba. Ule mkanda hauna sauti, kwa hiyo ulisikika mlio wa mashine peke yake.

Palipita maandamano ya wanakwaya, wazee waliovaa makoti, migomba, mlango wa zahanati wenye utepe. Karibu na katikati, mama Nashipae, mke wa Mzee Lemomo, akamwita ndani awekewe dawa ya macho, kwa sababu tangu daktari amwandikie hakubali saa ipite. Mzee akasimama mlangoni akaniambia, "Sauti ikibadilika, zima taa kwanza, kisha mota." Nikajibu ndiyo. Akatoka.

Ndipo akatokea mwanamke mwenye kikapu mkononi na mtoto mgongoni. Mama mdogo akamwonyesha yule mtoto kwa kidole, akaanza kucheka. "Ezra, masikio hayo nayajua, nalala nayo kila siku." Baba mdogo alisimama. Yule mwanamke alikuwa ameinua mkono kujikinga na jua, kivuli kimemfunika uso. Halafu mkono ukaanza kushuka.

Baba mdogo akasema, "Simamisha. Simamisha hapo hapo."

Shangazi, sijui nitakuelezaje. Tumezoea simu. Mtu akisema simamisha, unagusa, picha inasimama. Na tangu utoto wangu mtu mzima akiniambia fanya, mkono wangu hufanya kabla ya kichwa. Nilivuta wenzo pamoja na plasta yake.

Alisimama. Kwa muda mfupi sana bibi alisimama pale ukutani akitutazama, mkubwa kuliko sisi sote. Kisha doa la kahawia likatokea kwenye kidevu chake, likapanda. Baba mdogo alikuwa bado anatabasamu. Akaniuliza taratibu, "Anneth, mbona anaungua?"

Nilipaswa kuzima taa. Badala yake nikauachia wenzo, mkanda ukasogea kidogo, ukakwama, ukaungua tena, nikauvuta, nikauachia. Nilifanya hivyo mpaka pakabaki mwanga mweupe ukutani na harufu chumbani. Mzee Lemomo aliifuata harufu kutoka jikoni akipapasa ukuta, akazima mwenyewe. Aliketi chini. Akauliza, "Nani kasema isimame?"

Baba mdogo alitazama viatu vyake. Nikasema, "Ni mimi, Mzee."

Akasema, "Mkono ni wako, binti. Lakini sauti niliisikia mpaka jikoni."

Tulipanda gari tukarudi mpaka karibu na Lemara. Hapo baba mdogo akaniambia kipande kilichoungua kikatwe na mkanda uunganishwe. "Sekunde moja, mbili. Nani anahesabu sekunde? Paskalina atamwona mama anajikinga na jua, halafu anaondoka. Atafurahi. Wewe si karani? Lifaili jambo hili, liishe." Mama mdogo alimwambia anyamaze, naye akanyamaza, lakini kesho yake ndipo alipokupigia.

Nakusihi usimchukie. Hakuonja chakula siku ile. Na mkono, kama alivyosema Mzee, ni wangu.

Jumamosi iliyopita nilirudi Engutoto peke yangu. Mzee Lemomo aliniwekea kioo juu ya taa ndogo, akanipa lenzi ya kukuzia, akaniambia, "Mimi sioni. Hesabu wewe, na usijidanganye." Nilihesabu mara nne. Picha ambazo ameinua mkono zimepona zote, ila uso uko kivulini, unaona pua na shavu moja tu. Baada ya kushusha mkono kuna picha sita. Tano zimeyeyuka kabisa. Ya sita ina paji la uso na macho yote mawili, wazi kabisa, na chini ya hapo hakuna kitu. Nadhani aliona aibu ya kamera, maana baada ya hapo anageuka na kinachobaki ni mgongo wake na kichwa cha baba mdogo amelala.

Kuna jambo moja zaidi ambalo chumbani hatukuliona, tulikuwa tunamtazama yeye tu. Kwenye picha zile za kivulini kuna mtoto wa kike mwenye gauni jeupe, ameshika pindo la kanga ya bibi kwa mikono miwili, amekunja uso kwa jua. Nadhani ni wewe.

Mtaalamu wa kunakili kutoka Dar es Salaam atapita Arusha tarehe ishirini na tano. Mzee anasema mkanda hauwezi kupita kwenye mashine yoyote ukiwa vile, lazima kilichoharibika kikatwe pande mbili ziunganishwe, na ile picha ya macho iko ukingoni mwa kilichoharibika. Inaweza kubaki ndani ya mkanda ikapita kama mmweko ambao hutauona, au ikatwe itunzwe peke yake na kusafishwa kama picha ya kawaida. Hatagusa mkasi mpaka mwenyewe useme. Kopo liko kabatini kwake na ufunguo anao mama Nashipae. Nimeliacha huko makusudi, ili mtu wa nyumba hii asije akanisaidia.

Ukitaka kuuchukua mkanda wako umpe mtu mwingine, nitauleta Kasulu mwenyewe kwa likizo yangu, nitaupakata safari nzima.

Mama mdogo Kandida anakusalimu sana, anasema ulimwachia njia ya kupika kiburu ambayo hakuna mtu anayeipatia. Mzee Lemomo anakupa pole. Msalimie Brian, na majirani wako walionipokea vizuri nilipokuja nikiwa mdogo. Mungu akulindie macho na miguu yako, na Kwaresima hii ikuishie kwa amani kuliko inavyonipitia mimi.

Ndani ya bahasha hii utakuta bahasha nyingine ndogo, imefungwa kwa gundi. Kabla hujaifungua soma hapa. Jana jioni nilitoka na kisu kwenda kukata jani la kuombea radhi kwenye ua wa masale nyuma ya nyumba. Baba mdogo akanikuta nimeinama. Akauliza linakwenda kwa nani, nikasema kwa Shangazi. Nilidhani ataninyang'anya kisu. Alikitazama, akauliza, "Moja litatosha?" Nikasema sijui. Akakichukua, akakata la pili yeye mwenyewe, akaniwekea juu ya vitabu vyangu, akaingia ndani.

Yamo yote mawili. Nililolifunga fundo ni langu. La baba mdogo limebaki wazi, hakumbuki linavyofungwa.

Unajua kuliko mimi kwamba kwetu mtu akishapokea isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Hilo ndilo lililonitisha kuliko mengine yote, kwamba nimeshakunyang'anya uso wa mama yako na sasa nakunyang'anya na hasira yako. Ndiyo maana nimeyafunga peke yake. Bahasha ikikaa bila kufunguliwa, bado hujapokea kitu. Iweke popote, hata mwaka. Yatakauka lakini hayaozi. Kuhusu mkasi nijibu mapema, kuhusu bahasha usinijibu mpaka uwe tayari.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda na anayengoja,

Anneth