Friji ya Sebuleni na Dawa ya Mama

Jumamosi, jioni. Mvua imeanza baada ya chakula cha mchana, kama kawaida ya Kakamega, na mpaka sasa inapiga mabati. Stima haijapotea, ajabu. Na mimi nimekasirika.

Sijaikasirikia mvua. Nimeikasirikia friji.

Najua ni upuuzi kukasirikia chombo kisicho na mdomo wala masikio. Lakini wacha niandike, maana nikiyaweka ndani nitamrukia mtu.

Friji yenyewe Baba Imali, mume wangu, aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifuatafuata nyani msituni Buyangu, alipofungasha kurudi kwao. Ililetwa na mkokoteni wa ng'ombe siku ya soko, mji mzima ukiona. Ikawekwa sebuleni, ikaangalia mlango, ili mgeni akiingia asalimiane nayo kabla hajatuona sisi. Cherehani yangu, ambayo ndiyo hunipa kazi na ndiyo imesomesha watoto, ikasukumwa nje verandani ikanyeshewe. Hakuna aliyewahi kuwekea cherehani kitambaa. Friji ina kitambaa. Nilikifuma mwenyewe kwa sindano na uzi mweupe, nikaweka na maua ya plastiki juu yake, na picha yetu ya harusi. Kwa hiyo nisijifanye malaika.

Ni ugonjwa wa miaka hii ya tisini, naona. Kila mtu anataka kuwa na kitu, na akishakipata anaogopa kukitumia. Nyumba ngapi nimeingia kupima nguo nikakuta meko ya gesi inang'aa kama harusi, na mwenye nyumba anapika kwa jiko la makaa kando yake? Redio bado ina plastiki iliyotoka nayo dukani, mpaka ile plastiki imekuwa ya manjano. Televisheni imefungiwa kwenye kabati lenye kufuli. Kuna bwana mmoja mtaani kwetu ana gari analoliosha kila Jumamosi, analipangusa mpaka vioo vinalia, kisha anapanda baiskeli kwenda kazini. Jameni! Ulinunua gari ama ulinunua mtoto?

Friji yetu nayo ilikuwa kazi yake kupoza soda za wageni. Katikati ya wiki inakaa na maji na mayai mawili, basi. Baba Imali akiwa peke yake hata hayo maji hayataki, ati yanamuumiza meno.

Halafu mama yangu akaugua sukari.

Mama ni wa Navakholo. Alipotoka hospitali na sindano za kujidunga kila asubuhi, tulikubaliana akae kwetu mjini kwa muda, karibu na kliniki. Siku ya kuruhusiwa, sista alituelekeza vizuri sana. Akasema dawa haitaki joto. Kama hatuna friji, tutie chupa kwenye chungu chenye mchanga wenye maji, tukiweke kivulini, itakaa salama. Mimi nikadakia, mbele ya foleni nzima, "Sisi tuna friji." Nilisema kwa sauti. Hata wale waliokuwa wanasinzia kwenye mabenchi waligeuka. Sista akasema sawa, na mimi nikafunga mkoba nikatoka kifua mbele.

Sikumuuliza lingine lolote. Nani anauliza maswali akiwa na friji?

Sasa, kama mtu wa mbali atasoma haya siku moja, aelewe jambo moja la kwetu. Mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono. Hawali pamoja. Mama akisikia kikohozi cha Baba Imali uani, anajifunika leso na kurudi ndani. Hata kulala paa moja naye ni jambo la kukunja uso, kwa hiyo nilimpa kile chumba cha nyuma kilichoshikana na jiko, ambako nilikuwa nikipigia pasi nguo za watu. Mkwe hakanyagi chumba hicho, na mama hakanyagi sebuleni mkwe akiwepo. Asubuhi alikuwa ananingoja niende sokoni, anangoja Baba Imali naye aende ofisini, ndipo anaingia kwa kunyatia, kama mwizi, kuchukua dawa yake mwenyewe.

Niliona, nikadhani ni sawa. Hiyo ni heshima, na mimi nimelelewa nayo.

Jumapili iliyopita Baba Imali alikuwa na wageni wake, wazee wa chama wanaokutana nyumba kwa nyumba. Kuanzia Jumamosi alikuwa ameshazungusha kile kidude cha baridi mpaka mwisho. Alitaka barafu. Soda baridi hazikutosha, alitaka vipande vya barafu vigonge glasi, wazee wasikie. Alijaza chupa mpaka mlango ukagoma kufunga. Mimi nilikuwa nyuma nachinja ingokho, kuku wa wageni, na kusonga obusuma, ugali wetu, sikujua kinachoendelea sebuleni. Wageni walikuja, walikunywa, barafu ikagonga, wakasifu. Mmoja alishika friji mgongoni akasema inanguruma kama lori. Mume wangu alicheka mpaka jioni.

Kuanzia Jumatatu mama akaanza kunywa maji. Namaanisha kunywa! Mtungi ulikuwa unaisha kabla sijarudi sokoni. Akawa anaenda choo kila mara, anarudi akishikilia ukuta. Nilimuuliza kama anajidunga. Akasema ndiyo, kila asubuhi. Nikamuuliza kama amekula sukari, miwa, chai ya watu. Akaniangalia tu. Nilimgombeza, Mungu anisamehe. Nilimwambia mtu mzima haibi miwa.

Alhamisi nilirudi nikamkuta amelala chini kando ya kitanda, anapumua haraka kama mtu aliyepanda mlima, hanijibu. Nilipiga ukemi. Jirani yetu, Mama Zainabu, ambaye mume wake ana pikapu ya kubebea nafaka kutoka Mumias, alikuja bila viatu. Mzee wake alikuwa anajitayarisha kuswali. Aliniuliza swali moja tu, "Mgonjwa yuko wapi?" Tukamlaza mama nyuma juu ya magunia, nikakaa nimemshika kichwa. Pikapu ile haina kitambaa wala plastiki, mlango mmoja umefungwa kwa waya, na iliwaka mara ya kwanza.

Hospitalini, kule wadini, sista alikuwa yule yule. Alipima, akaweka maji ya mshipa, kisha akaniuliza dawa tunaiweka wapi.

"Kwa friji," nikasema. Safari hii kwa sauti ya chini.

Akataka kuiona. Nilikuwa nimeichukua tukitoka. Akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaitikisa polepole. Ndani kulikuwa na vijidonge vyeupe vinavyoelea, kama maziwa yaliyokatika.

"Hii iliganda," akasema. "Ikishaganda imekufa. Amekuwa akijidunga maji."



Baba Imali alifika jioni, akasimama kwenye korido, kwa sababu wadini hawezi kuingia mama mkwe akiwa amelala vile. Nilimfuata hapo hapo nikamuuliza kama aligusa dawa ya mama. Hakuficha. Alisema ndiyo, Jumamosi ile, soda zilipokosa nafasi, aliitoa kwenye rafu akaiweka juu, kwenye kile kisanduku cha barafu.

"Si wewe ulisema inataka baridi?" akaniuliza. "Mimi niliitafutia mahali pa baridi zaidi."

Na alimaanisha! Hilo ndilo linalonichoma. Ningejua la kufanya kama angekuwa mkatili. Huyu mtu alidhani anamtendea mama mkwe wake wema, huku akitengeneza nafasi ya chupa za wazee. Aliongeza, "Mwambie mama pole." Nimwambie mimi! Hata pole yenyewe hawezi kuipeleka kwa miguu yake, lazima ipitie kwangu, kama kila kitu kingine. Nilimwacha amesimama hapo na kofia mkononi.

Leo asubuhi mama amefungua macho vizuri. Amekunywa uji. Sista anasema Jumatatu huenda akaruhusiwa, na dawa mpya ipo tayari. Nimelia kidogo, nikafuta, kisha nikakaa kitandani kwake nikamwelezea. Nilianza kwa upole, kwamba mkwe wake alihamisha dawa ikaganda, wala hakujua.

"Najua," mama akasema.

Nikadhani hajanisikia. Nikarudia.

"Mwanangu, nimesema najua. Jumatatu niliitafuta chini sikuiona. Niliipata huko juu, imeshikana na barafu, ngumu kama jiwe. Nikaiweka kwapani mpaka ikayeyuka."

"Na ukajidunga?"

"Nikajidunga. Siku ya pili nikaona haiko sawa, ina vitu vinaogelea."

Mama yangu hakusoma, lakini ana macho. Aliona! Aliona kabla ya sista, kabla yangu, akaendelea kujichoma maji kila asubuhi na kunisikiliza nikimgombeza juu ya miwa ambayo hakuila. Nilimuuliza kwa nini hakusema hata neno moja. Nafikiri nilipaza sauti, maana mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka.

"Ningesema nini?" akajibu. "Nimshtaki mkwe wangu kwa friji yake? Nyumba yake, wageni wake. Ungegombana naye kwa ajili yangu. Mimi nimekuja hapa mgonjwa, siwezi nikaja pia kuvunja boma."

Kisha akanishika mkono akaniomba nisimwambie Baba Imali kwamba aliona. Ati ataona haya.

Ataona haya! Mama amelazwa na mpira wa maji mkononi, midomo imepasuka, na bado anachunga haya ya mtu mwenye friji.

Nilitoka nje nikasimama chini ya ukingo wa paa la hospitali. Hasira niliyokuwa nayo kwa Baba Imali ilinigeukia mimi. Mimi ndiye niliyejigamba foleni nzima ikinisikia. Mimi ndiye niliyemwona mama akinyatia kila asubuhi nikaita heshima. Kama tungekuwa maskini wasio na friji, tungechukua chungu na mchanga, na mama asingelala hapa. Hilo nitakufa nalo.

Nikafikiria Jumatatu. Atarudi. Atapewa chupa mpya. Nitaiweka kwenye rafu, nitamhubiria Baba Imali, atakubali, ataapa. Na wageni watakuja tena, maana barafu imewapendeza, na mmoja wao atafungua kutafuta nafasi. Na mama ataona, na atanyamaza. Namjua. Atanyamaza mpaka tumzike.

Nikafika nyumbani nimelowa. Sikuvua hata viatu. Nilikwenda kwa Mama Zainabu nikaomba mume wake na kaka yake waje mara moja, wana kazi ya kubeba. Nikatoa picha ya harusi, nikatoa maua, nikakunja kitambaa. Baba Imali alikuwa kwenye kochi na gazeti.

"Inaenda wapi?" akauliza.

"Kwa mama."

"Mama gani?"

"Mama mkwe wako. Chumbani kwake kuna soketi, ile ya pasi."

Akasimama. Akasema friji ni yake, alinunua yeye. Nikamwambia ni kweli, sijakataa. Akasema kesho ana wageni. Nikamwambia hilo pia ni kweli. Wanaume wa kwa Mama Zainabu walikuwa wameishika tayari, wananiangalia mimi na yeye, hawajui waweke chini ama waendelee. Mzee akasema "Bismillahi" wakainua. Baba Imali akawafuata uani kwenye mvua huku akiwaelekeza, angalieni mlango, angalieni nyaya za nyuma, mpaka wakafika kwenye chumba cha nyuma wakaingia nayo.

Yeye akasimama mlangoni. Akainua mguu, akaurudisha.

Mama hayumo, yuko wadini. Lakini kitanda chake kimo, na leso zake zimeanikwa kwenye kamba, na viatu vyake viko kando ya mkeka. Baba Imali alisimama pale mvua ikimnyeshea shingo, akanyoosha kichwa kuangalia kama friji imewekwa sawa, na hakuvuka. Nikamwona anaelewa. Ilimchukua muda, lakini nilimwona.

Akarudi ndani. Sasa hivi ameketi sebuleni anaangalia ile sehemu tupu ya ukuta ambayo rangi yake ni tofauti. Cherehani yangu nitairudisha hapo kesho asubuhi.

Sikumwambia kwamba mama aliona. Niliombwa, na nimeshika. Sijui kama nimefanya vizuri. Labda mtu aliyegandisha dawa ya mtu angefaa kujua kwamba mwenyewe aliiyeyusha kwapani akanyamaza kwa ajili yake. Labda siku moja nitamwambia. Leo siwezi, nitapiga kelele.

Nimerudi chumba cha nyuma kabla ya kuandika haya. Nimezungusha kidude mpaka katikati, nikafuta rafu ya chini, mbali na barafu, nikavuta kitanda cha mama kiwe karibu. Jumatatu chupa yake itakaa hapo, akinyoosha mkono anaigusa, na katika boma hili hakuna mwanamume anayeweza kuingia kuihamisha.