Shemeji Yako Kavua Shati Kliniki

Shoga, acha hivyo vyombo unisikilize!

Leo shemeji yako kaomba ruhusa kazini atusindikize kliniki. Si unajua mwezi uliopita mtoto hakuongeza uzito, na tangu hapo nikimnyonyesha nalia.

Zamu yetu ikafika, yeye ndiye kampakata mtoto. Nesi, macho kwenye mzani, akasema, "Haya baba, vua nguo zote tupime."

Shoga, akanipa mtoto, AKAVUA SHATI.

Shati! Mbele ya kina mama wote! Mkono ushafika kwenye mkanda, nesi akapiga yowe: "Baba, nguo za mtoto!"

Bibi mmoja kwenye benchi akasema, "Mwacheni apimwe, naye kakonda."

Nimecheka mpaka maziwa yakalowesha blauzi.

Na mtoto kaongezeka, shoga! Kaongezeka! Nesi akaniangalia, akasema, "Mtoto hajambo. Ninayemwogopea tangu mwezi uliopita ni wewe, mama. Leo ndiyo nimeona meno yako."

Shemeji yako akaacha kufunga vifungo, akanishika mkono.

Sasa hivi yuko jikoni ananipikia. Shati kalivaa ndani nje tangu kliniki, na simwambii ng'o.