Haukuwa Mtandao

Dada yangu mpendwa,

Cherehani imetengemaa na mlango wa uani tumeubadilisha. Lakini siyo hayo ninayotaka kukueleza.

Mwezi uliopita mwanao, Chiriku wako, alishikwa na homa, akalalamika kichwa kinamuuma. Nikadhani malaria, nikampa dawa ya maumivu, nikaendelea kushona. Kesho yake shingo ilikuwa imekakamaa na mwanga unamuumiza macho. Nikambeba mbio hospitali. Wakampima maji ya mgongoni, wakakuta homa ya uti wa mgongo. Alilala kwenye dripu siku kumi, na sisi wa nyumbani tukapewa vidonge vya kujikinga.

“Uhai tumeuwahi, mama,” daktari akaniambia. “Masikio hatukuyawahi.”

Siku ya chanjo ya ugonjwa huo alikuwa na mafua, nikasema nitampeleka akipona. Sikumpeleka, dada.

Ndiyo maana ukipiga simu nakuambia yuko nje anacheza. Jumapili aliiona inawaka, akaipokea mwenyewe. Alikuwa anakwambia, “Mama, sema kwa nguvu,” nawe ukadhani mtandao.

Haukuwa mtandao. Njoo akuone.

Mdogo wako, ninayeona aibu hata kuomba radhi.